Kiungo tunachokionea haya



Leo naomba unisamehe mapema, maana nitaandika juu ya mahali ambapo safu hii haijawahi kufika. Kama gazeti liko mezani pamoja na chai na maandazi, maliza kwanza kunywa, kisha urudi. Nitaandika juu ya saratani ya njia ya haja kubwa. Nimelitaja jina hilo lote tangu mwanzo kwa sababu mengi ninayokwenda kukusimulia yalitokea kwa kuwa mtu mmoja alishindwa kulitamka, na sisi wengine tukashindwa kumsaidia alitamke.

Katika usharika wetu yuko mama mjane, mwenye miaka 60 na ushei. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alisimama ibada nzima, nyuma kabisa karibu na mlango. Mabenchi yana nafasi, yeye kasimama. Siku moja mzee wa kanisa alimpelekea kiti. Akashukuru, akakishika mgongo wake kama mtu aliyeshika mkongojo, hakukaa. Baadhi yetu tulisema ni unyenyekevu. Wengine, Mungu atusamehe, walisema anaringa, hataki kubanana na watu. Katika maombi ya Jumatano, akiulizwa ana hitaji gani, alijibu neno moja: "tumbo". Basi tukaliombea tumbo. Tuliliombea miezi 14, na kumbe tumbo lake lilikuwa zima.

Ilianza kwa damu kidogo akinawa chooni. Baadaye akawa anawashwa, hasa usiku. Kisha akagusa kinyama. Akanunua dawa ya bawasiri kwa yule kijana wa stendi mwenye kipaza sauti, anayetangaza kwa pumzi moja bawasiri, ngiri, chango na nguvu za kiume. Chupa ya kwanza ikaisha, akanunua ya pili. Akamtuma mjukuu duka la dawa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akaletewa dawa ya kupaka. Binti yake hakuambiwa, na mkwewe ndiyo kabisa. Mara moja alijikaza akaenda zahanati. Mlango ulipofunguliwa akamkuta ndani daktari kijana wa rika la kitindamimba wake. Maneno yakageuka mdomoni: akasema anaumwa kiuno. Akapewa dawa za maumivu, akarudi nyumbani.

Yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie haya bila kumtaja jina.

Ndugu msomaji, fungua Marko sura ya 5, habari ya yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Tumezoea kuihubiri kama habari ya imani, na kweli ni ya imani. Lakini isome tena taratibu. Huyu mama alikwishahangaika kwa waganga wengi na kumaliza mali yake yote, na Marko anasema bila kuficha kwamba hakupata nafuu bali hali ilizidi kuwa mbaya. (Luka, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu, anasimulia habari hiyo hiyo lakini hilo la kuzidi kuwa mbaya hakuliandika. Madaktari wanalindana tangu zamani.) Kwa sheria ya Walawi sura ya 15, damu ile ilimfanya kuwa najisi, na kila alichokalia kilikuwa najisi. Ndiyo maana alikuja kwa nyuma, katikati ya msongamano, akagusa vazi akitumaini hakuna atakayejua.

Akapona palepale. Lakini Bwana hakumwacha aondoke hivyo. Akasimama, akauliza, akageuka kutazama, mpaka yule mama akaja akitetemeka na kumweleza ukweli wote. Zamani nilidhani Bwana alimfanyia ugumu usiokuwa wa lazima. Kwa nini amwanike mbele za watu? Siku hizi, baada ya yaliyompata mama wa usharika wetu, naona tofauti. Mtu aliyebeba ugonjwa wa aibu miaka 12 alihitaji pia mahali pa kuusema, na mtu wa kumsikiliza hadi mwisho bila kukunja uso. Baada ya kusikiliza ndipo Bwana akamwita binti.

Sasa tuuseme huu ugonjwa.

Njia ya haja kubwa ni mfereji mfupi, wa sentimita 3 hadi 4 tu, unaounganisha utumbo na nje. Sehemu yake ya chini imefunikwa na seli bapa zinazofanana na za ngozi. Seli za jamaa hiyo ziko pia kwenye mlango wa kizazi na kooni. Saratani nyingi za njia ya haja kubwa huanzia kwenye seli hizo. Juu ya mfereji huo liko puru, na saratani ya puru ni ya ukoo mwingine, ule wa saratani ya utumbo mpana, na matibabu yake ni tofauti. Kwa nje mgonjwa hawezi kuzitofautisha. Ndiyo sababu daktari hakati shauri kwa macho, anasubiri jibu la maabara.

Si ugonjwa wa kawaida sana. Duniani kote hugundulika wagonjwa wapya takriban 50,000 kwa mwaka, idadi ndogo ukilinganisha na saratani ya mlango wa kizazi au ya matiti. Lakini uchache wake ni sehemu ya tatizo, kwa sababu mgonjwa na hata mhudumu wa afya wote huanza kwa kufikiri bawasiri.

Na bawasiri ni kweli ipo, tena ndiyo inayowapata wengi. Ni mishipa ya damu iliyovimba mahali pale, kwa sababu ya kufunga choo, ujauzito, au kukaa na kujikamua muda mrefu. Bawasiri haigeuki kuwa saratani. Ila dalili zao zinafanana kama mapacha: damu, mwasho, maumivu, kinyama. Na hakuna kinachomzuia mtu mmoja kuwa nazo zote mbili. Kinachopaswa kukushtua ni damu inayorudi, kidonda kisichopona, uvimbe mgumu unaokua, majimaji au usaha, choo kutoka kikiwa chembamba kuliko kawaida, hisia ya kutaka kwenda tena ilhali umetoka sasa hivi, au mtoki kinenani usio na sababu. Kama ulikwishapewa dawa ya bawasiri na wiki tatu zimepita bila nafuu, usinunue chupa nyingine. Rudi ukapimwe. Chupa za stendi zina kosa moja kubwa, hata kama hazina sumu ndani yake: zinakula miezi.

Kupimwa kukoje? Hapa ndipo wengi wanapoishia mlangoni, kwa hiyo nieleze kinagaubaga. Unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja, umefunikwa shuka. Daktari anavaa glavu, anapaka kilainishi, anaingiza kidole kimoja na kupapasa ukuta wa ndani. Inachukua kama dakika moja. Kisha anagusa kinena kutafuta mitoki. Akiona haja, anatumia kibomba kifupi chenye mwanga ili aone ndani. Kama kuna uvimbe, unapigwa sindano ya ganzi, kinakatwa kinyama kidogo kama punje na kupelekwa maabara. Unayo haki ya kuomba muuguzi awepo chumbani, na mwanamke anaweza kuomba ahudumiwe na daktari mwanamke. Omba tu. Ukiambiwa hayupo leo, uliza yupo siku gani, lakini usiseme kiuno.

Mama yetu alikuja kusema ukweli kwa muuguzi aliyemkuta msibani, wakiosha vyombo. Ni ajabu jinsi wanawake wanavyoambiana mambo makubwa juu ya masufuria. Muuguzi yule hakushangaa wala hakupiga kelele. Alimuuliza tu, "Mama, imeanza lini?" Wiki iliyofuata alikuwa mezani kwa daktari. Uvimbe ulikuwa na sentimita 4, na mtoki mmoja kinenani. Jibu la maabara likaja: saratani.

Aliposikia hilo neno aliniambia jambo moja ambalo nimelisikia kwa wengi. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa kukatwa. Alikwishaambiwa na jirani kwamba ugonjwa huo dawa yake ni kuziba njia na kutobolewa tumbo, na maisha yote unatembea na mfuko wa choo kiunoni. "Nitaingiaje kanisani na mfuko?"

Jirani hakusema uongo, alichelewa tu kwa nusu karne. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Kila mgonjwa wa saratani hii aliondolewa njia yote ya haja kubwa pamoja na puru. Kisha katika mji wa Detroit, Marekani, daktari wa upasuaji aitwaye Norman Nigro akawaza kuunyong'onyeza uvimbe kabla ya kuukata. Akawapa wagonjwa wake mionzi kidogo pamoja na dawa za saratani, halafu akasubiri kuwapasua. Mwaka 1974 alitoa taarifa ya wagonjwa watatu. Wawili walipasuliwa kama ilivyopangwa, na nyama iliyotolewa ilipochunguzwa haikukutwa na saratani hata chembe. Wa tatu alikataa kupasuliwa. Akakaa nyumbani na mwili wake mzima, na uvimbe haukuonekana tena.

Namfikiria sana huyo wa tatu. Kitabibu alionekana mkaidi. Lakini kwa ukaidi wake na kwa unyenyekevu wa daktari aliyekubali kutazama alichokiona, njia ya matibabu iligeuka. Leo duniani kote tiba ya kwanza ya saratani hii, ikiwa haijasambaa mbali, si kisu. Ni mionzi na dawa vikitolewa pamoja.

Inavyofanyika ni hivi. Kwanza mgonjwa anapigwa picha za CT za kifua, tumbo na nyonga, na mahali palipo na uwezo anapigwa MRI, ili ijulikane ugonjwa umefika wapi. Anapimwa VVU, na mwanamke anachunguzwa mlango wa kizazi. Halafu inaanza mionzi: Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku dakika chache tu juu ya kitanda cha mashine, kwa wiki 5 hadi 6. Mionzi haiumi wakati inapotolewa. Katika siku za mwanzo za mionzi, na tena karibu na wiki ya tano, mgonjwa hupewa dawa kwa dripu. Dawa zinazotumika zaidi ni mbili, mitomisini na fluorourasili. Mahali pengine hiyo ya pili hubadilishwa kwa vidonge vya kapesitabini. Kazi yake kubwa ni kuzifanya seli za saratani zishindwe kujitengeneza tena baada ya mionzi kuzipiga.

Nisikufiche, wiki hizo si nyepesi. Mwanzoni mgonjwa hushangaa mbona hana shida. Kuanzia wiki ya tatu ngozi ya mahali pale na ya kinena huwa nyekundu, kisha hubabuka kama iliyoungua. Kwenda haja kunauma, kukojoa kunachoma, kuhara kunakuja, uchovu unamlaza mchana. Damu hupungua nguvu, hivyo homa yoyote ni ya kukimbizwa hospitali, si ya kuombea kwanza nyumbani halafu tuone kesho. Mwanamke ambaye bado anapata siku zake huenda zikakoma, na njia ya uzazi inaweza kusinyaa. Mwanamume anaweza kupungukiwa nguvu. Anayetarajia kuzaa aseme kabla tiba haijaanza. Mambo haya hayasemwi wodini mgonjwa asipouliza, na wagonjwa wetu hawaulizi.

Kinachosaidia ni vitu vidogo. Beseni la maji ya uvuguvugu la kukalia baada ya kila choo. Kanga laini ya pamba, bila nguo ya ndani ya kubana. Kukausha kwa kugusagusa bila kusugua. Dawa za maumivu zinywewe kwa saa zake, na mgonjwa asione ni udhaifu kuomba kali zaidi. Kunywa maji mengi. Na mvutaji wa sigara aache, kwa sababu sigara inaongeza hatari ya ugonjwa huu na inaidhoofisha tiba.

Tiba ikiisha, inakuja sehemu ambayo kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtu wa imani: kungoja. Uvimbe hauyeyuki siku ya mwisho ya mionzi. Unaendelea kunywea wiki baada ya wiki. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliofuatilia wagonjwa 940 ulionyesha kwamba wengi ambao bado walikuwa na mabaki wiki ya 11 tangu kuanza tiba, walikutwa safi ilipofika wiki ya 26. Maana yake daktari asiyeharakisha kukata wakati huo hajamtelekeza mgonjwa. Anampa mwili muda. Nawajua watu waliokata tamaa katikati ya kungoja huko, wakaenda kutafuta kikombe kwingine.

Ikiwa baada ya miezi hiyo 6 uvimbe bado upo, au umerudi, hapo ndipo kisu kinaitwa, na hapo ndipo mfuko wa tumboni unakuja. Nao si mwisho wa utu. Mtu mwenye mfuko anakula, anafanya kazi, anaimba kwaya. Ukikaa naye benchi moja hutajua. Ugonjwa ukiwa umefika kwenye ini au mapafu, dawa za kupitia mshipani hutolewa ili kuurudisha nyuma na kumpa mgonjwa muda na nafuu. Lakini ukikamatwa ukiwa bado mahali ulipoanzia, takwimu za Marekani zinaonyesha zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 wako hai baada ya miaka 5. Ukishasambaa mbali, hawafiki nusu. Kati ya hesabu hizo mbili kuna ile miezi 14 ya kusema "tumbo".

Kwetu Tanzania, mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni Dar es Salaam kwenye majengo yaliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na pia Bugando kule Mwanza, hospitali ya maaskofu Wakatoliki inayofanya kazi pamoja na serikali. Kwa anayetoka Sumbawanga au Masasi, wiki 6 mjini ni safari nzito kuliko ugonjwa. Nitarudi hapo.

Sasa nifike mahali pagumu, ambapo kanisa letu liliteleza.

Karibu saratani 9 kati ya 10 za njia ya haja kubwa husababishwa na virusi vya HPV, vilevile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Virusi hivi huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi sehemu za siri, hasa katika tendo la ndoa. Habari hiyo ilivuja kutoka kwenye karatasi za mama yetu. Sijui nani aliisoma. Jumapili mbili baadaye kwaya ilikuwa imekwishamhukumu. Mjane, ugonjwa mahali pale, virusi vya namna ile: watu walijumlisha wakapata jibu walilolitaka.

Jibu lao ni la ujinga, na ninaliandika neno hilo nikiwa nimetulia. HPV ni virusi vya watu karibu wote. Wengi waliowahi kuwa na mwenzi, hata mmoja tu wa ndoa, wamewahi kuvipata. Mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, mtu asijue. Kwa wachache vinabaki vimelala miaka 20 au 30, ndipo vinaharibu seli. Vinaweza kufika njia ya haja kubwa bila tendo lolote la kinyume na maumbile. Kwa jumla ugonjwa huu huwapata wanawake wengi kuliko wanaume. Aliyewahi kuwa na saratani ya mlango wa kizazi au dalili zake za awali yuko katika hatari zaidi. Vivyo hivyo aishiye na VVU, kwa sababu kinga yake hushindwa kuvifukuza, na aliyepandikizwa figo anayetumia dawa za kushusha kinga.

Mwigizaji Marcia Cross wa Marekani, ambaye baadhi yenu mlimwona katika tamthilia ya "Desperate Housewives", alieleza mwaka 2019 kwenye televisheni jinsi daktari wake wa magonjwa ya wanawake alivyougundua uvimbe katika uchunguzi wa kawaida wa kila mwaka. Akapata mionzi mara 28 na dawa, akapona. Mumewe alikwishaugua saratani ya koo miaka kadhaa kabla yake, mwaka 2009. Madaktari wao waliona huenda ni aina ileile ya virusi iliyowapata wote wawili. Mke na mume, nyumba moja. Alisema aliamua kujitokeza kwa sababu alisoma habari za wagonjwa wanaoona haya hata kusema wanaumwa nini.

Hata kama mgonjwa angekuwa na historia ambayo wewe huipendi, bado Yohana sura ya 9 ipo. Wanafunzi walimwona kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe, akainama kufanya tope. Na niseme wazi kwa wenye masikio: wapo wanaume wanaokwepa kabisa uchunguzi huu kwa kuogopa jinsi watakavyotazamwa. Zahanati si mahakama, na kanisa nalo lisiigeuze kuwa hivyo.

Kuhusu kinga nitasema kwa ufupi. Tangu mwaka 2018 Tanzania inatoa chanjo ya HPV kwa wasichana, mwanzoni wa miaka 14. Mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, na sasa ni dozi moja. Inakinga dhidi ya aina ya 16, ambayo ndiyo mchokozi mkuu wa saratani hii pia. Haizuii mtoto kuzaa. Nimesikia tetesi hizo zikisemwa madhabahuni, na zimenihuzunisha. Kwa waishio na VVU, utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2022, wenye watu zaidi ya 4,400 waliofikisha miaka 35 na kuendelea, ulionyesha kwamba kutibu mabadiliko ya awali ya seli kabla hayajawa saratani kulipunguza ugonjwa huu kwa asilimia 57. Uchunguzi wa namna hiyo bado ni mgumu kupatikana kwetu, lakini kliniki unapochukulia dawa zako unaweza kuomba utazamwe, na usiache kuzinywa.

Mtume Paulo, katika Wakorintho wa kwanza sura ya 12, anazungumzia viungo vya mwili ambavyo tunaviona havina heshima, kwamba ndivyo tunavyovipa heshima zaidi. Nimewahi kuhubiri fungu hilo mara nyingi nikiwa na maana ya washarika maskini, na sikukosea. Lakini Paulo alianza na mwili wenyewe, wa nyama. Alijua tunavivisha viungo fulani nguo. Musa naye, Kumbukumbu la Torati 23, aliagiza jeshi la Israeli wawe na kijembe cha kuchimbia choo nje ya kambi. Na Bwana wetu katika Marko 7 anataja bila kusita chakula kinavyopita tumboni na kutoka. Maandiko hayana haya tuliyo nayo sisi.

Na mfalme Hezekia, alipougua jipu la kumuua, alilia na kuomba, na Mungu akasikia. Kisha Isaya akaagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu. Maombi yaliyojibiwa na dawa ya kubandika, siku moja, nabii yuleyule. Sioni namna ya kumpinga Isaya.

Basi usharika ulifanya nini? Mchungaji aliita kwaya, akasema nao mlango ukiwa umefungwa, sijui maneno gani. Akina mama walichanga nauli. Familia moja ya usharika rafiki, Mbagala, ilimpa chumba kwa wiki zote 6, na beseni lake mwenyewe. Vijana wawili walipeana zamu kumsindikiza asubuhi kwa daladala, yeye akisimama njia nzima ingawa watu walimpisha. Wiki ya tano alitaka kuacha. Yule muuguzi wa masufuria alimpigia simu kila jioni, mara nyingine bila kuongea mengi. Alimaliza.

Miezi 6 baadaye daktari alimpima kwa kidole, kwa kibomba na kwa picha, hakuona kitu. Atarudi kupimwa kila baada ya miezi michache, kwa miaka kadhaa, maana ugonjwa huu ukirudi hurudi mara nyingi ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo. Choo bado kinamkimbiza wakati mwingine, na ngozi ya pale imekuwa nyepesi. Lakini Jumapili anakuja na kimto chake cha sponji, anakiweka benchi la tatu kutoka mbele, anakaa.

Makala haya nilimsomea kabla ya kuyatuma, kama nilivyomwahidi. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba nirekebishe kitu kimoja. Katika rasimu, kichwa cha habari kilikuwa na maneno "sehemu za siri". Akasema niyatoe, watu wasije wakadhani ni mahali pengine.